Mama aliingia wodini na dawa 4, sasa anameza 11

Msomaji ameniandikia hivi: "Mama yangu ana miaka 78. Ana presha na kisukari, hajawahi kupata kiharusi wala ugonjwa wa moyo. Alilazwa siku 9 kwa nimonia. Aliingia akitumia dawa 4, akaruhusiwa na 9. Baada ya wiki 2 tukarudi kliniki, akaongezewa 2 kwa sababu miguu ilivimba na usiku alikuwa halali. Sasa anayumba akisimama, mchana anasinzia, na jioni nyingine ananiita kwa jina la dada yake. Nasikia watafiti wamegundua kuwa dawa nyingi zinawadhuru wazee wanaolazwa. Ni kweli? Na nimwachishe zipi? Orodha hii hapa. Nje ya hiyo kuna diklofenaki tu ya goti, anainunua mwenyewe."

Dada, pole kwa kuuguza. Kabla sijafika kwenye utafiti, kuna jambo moja lisilosubiri. Kwenye orodha yako ipo glibenklamidi, na ni mpya, aliandikiwa wodini. Mzee aliyetoka kuugua, ambaye hamu ya kula haijamrudia sawasawa, anaweza kushushwa sukari na dawa hii, na ikishaishusha huendelea kuivuta chini kwa saa nyingi. Wengi hutegemea kuona jasho na kutetemeka. Kwa mzee, sukari inaweza kushuka kimya kimya: anasinzia, anayumba, anachanganya majina. Umeona mwenyewe kuwa hayo ndiyo uliyoniandikia.

Kwa hiyo jioni atakapokuita tena kwa jina la dada yake, usiseme ni uzee. Mpime sukari pale pale. Ikiwa chini ya 4 kwa mashine inayosoma milimoli, au chini ya 70 kwa inayosoma miligramu, na yuko macho na anameza vizuri, mpe kitu chenye sukari, umpime tena baada ya dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo hata kama amechangamka, kwa sababu dawa bado imo mwilini na inaweza kumrudisha chini. Kama hawezi kumeza, usimtie kitu mdomoni, mkimbizeni. Na hata kama vipimo vyote vitakuja vizuri, wapigie kliniki kesho asubuhi kuhusu dawa hii. Usingoje tarehe ya miadi.

Sasa swali lako. Ni kweli kwamba dawa huwadhuru wazee wanaolazwa, ila utafiti hausemi hasa kile watu wanachousemea.

Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya kufuatilia wagonjwa 18,820 waliolazwa katika hospitali mbili. Asilimia 6.5 walilazwa kwa jambo linalohusiana na madhara ya dawa, na sehemu kubwa ya madhara hayo yangeweza kuepukika. Dawa zilizoongoza hazikuwa za ajabu. Zilikuwa aspirini na ndugu zake wa maumivu, dawa za kukojoza, na warfarini, ambayo huzuia damu kuganda. Kisha mwaka 2011 ukatoka utafiti wa Marekani juu ya watu wa miaka 65 na zaidi waliolazwa kwa dharura kwa sababu ya dawa. Walikadiria karibu watu 100,000 kila mwaka, na theluthi mbili ya hao walifikishwa pale na makundi manne tu: warfarini, insulini, aspirini na wenzake wa kuzuia damu kuganda, na vidonge vya kushusha sukari. Dawa zilizokuwa kwenye orodha moja iliyotumika sana nchini humo, ya dawa ambazo wazee wasipewe, zilihusika kwa takriban asilimia 1 pekee.

Nakusimulia hili kwa sababu najua familia hutazama nini. Hutazama kidonge kipya chenye jina gumu na kukiogopa, huku aspirini na dawa ya sukari zikipita kama wenyeji. Mama ana vyote viwili: yumo kwenye makundi mawili kati ya yale manne. Na ile diklofenaki uliyoitaja mwishoni kwa neno "tu" ni ndugu wa damu wa zile zilizoongoza kule Uingereza. Nitairudia hiyo "tu".

Kwa nini mzee hasa? Watu husema mwili umechoka, lakini kuna mambo mahususi zaidi. Figo hupunguza kasi ya kusafisha damu kadiri miaka inavyokwenda, na kipimo tunachokitegemea, kreatinini, hutoka kwenye misuli. Mzee mwenye misuli kidogo anaweza kuwa na kreatinini inayosomeka "kawaida" huku figo zake zikifanya nusu ya kazi. Ndiyo maana namba hiyo peke yake haitoshi. Lazima ihesabiwe pamoja na umri na, kwa dozi za dawa, uzito pia. Pili, mafuta huongezeka mwilini na maji hupungua, na dawa zinazopenda mafuta hupata ghala la kujificha. Mfano tunaoutumia kufundisha ni diazepamu: kwa kijana wa miaka 20 nusu yake huondoka mwilini kwa takriban saa 20, kwa mzee wa miaka 80 huchukua takriban saa 90. Kidonge cha usingizi cha Jumatatu bado kipo Alhamisi, na kimeshapokea wenzake watatu. Tatu ni ubongo wenyewe, ambao kwa wazee hulevywa na dozi ambayo kijana angeimeza akaenda kazini.

Hayo yangekuwepo hata kama mama asingelazwa. Kinachozidi hospitalini ni milango. Mgonjwa anaingia, anahamishwa wodi, anatoka, na kila mlango una mtu mwingine anayeandika upya orodha ya dawa, mara nyingi kwa haraka na kwa kusimuliwa. Watafiti wa Kanada walilipima hili mwaka 2005 kwa wagonjwa 151 waliolazwa, wote wakiwa ni watu wenye dawa kadhaa. Walilinganisha kilichoandikwa wodini na kile mgonjwa alichokuwa anakitumia hasa. Zaidi ya nusu walikuwa na angalau tofauti moja ambayo hakuna aliyeikusudia. Kosa la kawaida kuliko yote lilikuwa dawa iliyoachwa bila kuandikwa.

Nilijifunza hili kwa aibu kabla sijalisoma. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa mfamasia wa wodini, nilimkuta mzee mmoja wa kitanda cha dirishani presha imeanguka, ulimi umekauka, na usiku alikuwa ameanguka akienda msalani. Chati ilisema furosemidi miligramu 40 asubuhi. Dozi ya kawaida, haimkaushi mtu namna ile. Nikamuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote. "Hapana, ni hizi mnazonipa. Na zangu." Akaingiza mkono chini ya mto akatoa kifuko cha nailoni kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na pakiti ya Lasix, vimebaki vidonge vitatu. Lasix ni jina la biashara la furosemidi hiyo hiyo. Nesi alikuwa anampa saa mbili asubuhi, naye anajipa chai ikija. Aliyeandika historia ya dawa zake siku ya kwanza nilikuwa mimi. Nilimuuliza "unatumia dawa gani?", akajibu "za presha", nikaandika za presha, nikasogea kitanda kinachofuata. Tangu siku ile siulizi. Nasema "nionyeshe".

Turudi kwa mama. Nimeipanga orodha yako kwa mfuatano wa tarehe, si kwa mpangilio wa cheti, kwa sababu ukiisoma kwa tarehe inaanza kusimulia.

Alipokuja na nimonia, presha ilikuwa juu. Homa, maumivu, kukosa usingizi, kelele za wodi, dripu mkononi: presha ya nani isingepanda? Amlodipini yake ya 5 ikapandishwa kuwa 10, na losartani ikaongezwa. Sukari nayo ikapanda, kama inavyopanda kwa mgonjwa yeyote wa kisukari akiwa na maambukizi, ikaongezwa glibenklamidi juu ya metformini. Kwa kifua kilichokuwa kinauma akapewa tramadoli. Tramadoli hufunga choo, ikaja dawa ya kulainisha choo. Omeprazoli ikawekwa kulinda tumbo. Maambukizi yakaisha, antibiotiki zikakatwa, na hizo nyingine zote zikatoka naye hadi nyumbani. Sababu ya kuzianza ilibaki wodini.

Hapo kuna utafiti unaogusa hali yake moja kwa moja. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walitazama maelfu ya wazee waliolazwa kwa magonjwa yasiyo ya moyo, nimonia ikiwa mojawapo, wakawalinganisha walioruhusiwa na dawa za presha zilizoongezwa na wale ambao dawa zao ziliachwa zilivyokuwa. Katika siku 30 za kwanza walioongezewa walirudi hospitalini zaidi: kwa kila 27 walioongezewa, mmoja zaidi alilazwa tena. Baada ya mwaka mzima hakukuonekana faida kwa upande wa moyo wala kiharusi. Mimi husema presha ya wodini ni kama picha iliyopigwa wakati mtu anapiga chafya. Ni sura yake kweli, lakini huwezi kuitundika ukutani ukasema ndivyo alivyo.

Halafu ikaja kliniki. Miguu imevimba. Amlodipini huvimbisha miguu, tena kwa dozi ya 10 zaidi kuliko ya 5, na uvimbe huo unatokana na mishipa midogo kulegea, si maji kuzidi mwilini, kwa hiyo dawa ya kukojoza haiufuati mzizi. Lakini miguu iliyovimba inafanana na miguu iliyovimba, na furosemidi ikaandikwa. Furosemidi inamwamsha kukojoa. Sijui kama anaimeza jioni, maana orodha haisemi saa. Kama ndivyo, basi hata usingizi uliokatika una maelezo. Kwa usingizi huo akaandikiwa amitriptilini. Nayo hukausha mdomo, hufunga choo zaidi, humfanya mtu ayumbe akisimama, humsinzisha mchana, na kwa mzee huvuruga akili.

Mnyororo huu una jina katika utafiti: kwa Kiingereza huitwa "prescribing cascade". Watafiti Paula Rochon na Jerry Gurwitz waliueleza katika miaka ya 1990: dawa inaleta athari, athari inadhaniwa kuwa ugonjwa mpya, ugonjwa mpya unapewa dawa. Usimlaumu daktari wa kliniki haraka. Aliona miguu siku ile kwa dakika chache, hakumwona mama akipandishiwa amlodipini kitandani. Kila aliyeandika alikuwa na sababu. Hakuna aliyekuwa na orodha yenye tarehe.

Sasa ile "tu". Diklofenaki haipo kwenye cheti chochote, kwa hiyo kwa hospitali haipo duniani. Lakini tumboni mwa mama inakutana na losartani na furosemidi. Dawa hizo tatu zikikaa pamoja huibana figo kwa pande tatu: moja inapunguza maji, nyingine inalegeza mshipa unaotoka kwenye chujio la figo, ya tatu inabana ule unaoingia. Kwa mzee anayekunywa maji kidogo, figo zinaweza kudorora kwa siku chache. Na figo zikidorora, glibenklamidi inaweza kulundikana na kushusha sukari zaidi, metformini inapoteza njia ya kutokea, tramadoli inakaa muda mrefu. Tramadoli yenyewe, mbali na kusinzisha, imewahi kuonekana ikishusha sukari, na haipatani vizuri na amitriptilini. Upande wa pili diklofenaki na aspirini zinachubua tumbo kwa pamoja. Kwa hiyo kama kuna kitu kimoja ambacho nitakuambia ukiache leo bila kusubiri mtu, ni hicho alichokinunua bila cheti. Kwa goti atumie parasetamoli kwa dozi ya kwenye pakiti mpaka daktari aseme vingine, ukihakikisha haimo kwenye kidonge kingine anachomeza.

Omeprazoli nayo watu wamezoea kuitaja ya kwanza panapozungumzwa dawa za kupunguza, na mara nyingi wana haki. Kwa mama nisingeianza hiyo. Maadamu aspirini na diklofenaki zimekuwa tumboni pamoja, omeprazoli ndiyo iliyokuwa mlinzi wa zamu. Ianze kutoka diklofenaki, lijadiliwe suala la aspirini, ndipo yenyewe ijadiliwe. Na kuhusu aspirini: utafiti mkubwa wa Australia na Marekani uliotolewa mwaka 2018, wenye wazee 19,114 ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo wala kiharusi, haukuona faida waliyoitarajia na uliona kutokwa damu zaidi. Wewe umeniambia mama hajawahi kupata yote mawili. Lipeleke hilo kwa daktari kama swali. Usilifanye amri, kwa sababu huenda ana sababu iliyomo kwenye faili ambayo wewe huijui.

Umeuliza watafiti wamegundua nini. Wamegundua tatizo vizuri. Dawa yake ndiyo iliyowatoa jasho.

Walianza na orodha. Mwaka 1991 Mark Beers na wenzake huko Marekani walitoa orodha ya dawa ambazo wazee waepushwe. Iliandikwa kwa ajili ya wazee wa nyumba za kulelea, si wagonjwa wa wodini, lakini ikaenea kote, na hadi leo Vigezo vya Beers husahihishwa, kama ilivyofanyika mwaka 2023. Mwaka 2008 Waayalandi wakaja na STOPP na START, mbili pamoja, na hiyo ya pili naipenda kwa sababu inasahaulika: STOPP inauliza kipi kiondolewe, START inauliza kipi kilichostahili kuwepo na hakipo. Kumtibu mzee vizuri si kumvua dawa tu.

Ukiwa na orodha, jambo linalofuata ni kuona kama inamsaidia mgonjwa. Katika hospitali moja ya chuo kikuu mjini Cork, daktari mtafiti alipitia dawa za wagonjwa wa miaka 65 na zaidi kwa STOPP na START, akawaeleza madaktari wao mapendekezo. Walikuwa 732 kwa jumla, matokeo yakachapishwa 2016: waliopata madhara ya dawa walikuwa asilimia 11.7 upande wa jaribio, na 21 upande wa matibabu ya kawaida. Karibu nusu! Watu wakafurahi, wakasema basi tuipe kompyuta kazi hiyo iifanye kila mahali. Ukafuata utafiti wa SENATOR, hospitali 6 za nchi 6 za Ulaya, wagonjwa 1,537. Programu ikasoma dawa, ikatoa ripoti, ripoti ikawekwa mbele ya madaktari. Matokeo ya 2020: madhara ya dawa yalimpata karibu mmoja kati ya wanne, pande zote mbili sawa. Ni takriban 15 tu katika kila mapendekezo 100 yaliyofuatwa. Vigezo ni vya ukoo mmoja. Kilichobadilika ni kwamba mara ya kwanza mtu alikuja na jambo lake mkononi, mara ya pili karatasi ilikuja peke yake.

Ningetamani hadithi iishie hapo, inanipendeza mimi mfamasia. Lakini utafiti wa OPERAM wa mwaka 2021 unaitia doa. Wagonjwa 2,008 wa miaka 70 na zaidi, nchi 4 za Ulaya, na hapa hawakuiachia mashine: daktari na mfamasia walipitia dawa pamoja wakisaidiwa na programu. Walikuta maagizo yasiyofaa kwa wagonjwa 86 katika kila 100, wakayapunguza. Hata hivyo kulazwa tena kwa sababu ya dawa kulikuwa karibu 22 kwa 100 pande zote. Kanada nao, hospitali 11 na wagonjwa 5,698, mwaka 2022: walioachishwa dawa waliongezeka kutoka takriban 30 hadi 55 kwa kila 100, lakini madhara ya dawa ndani ya siku 30 hayakubadilika.

Nayasomaje haya? Kwanza, kupunguza dawa kwa utaratibu hakukuwadhuru, na hilo si dogo: hofu ya kila familia na kila daktari ni "nikiitoa, kitatokea nini?". Pili, siku 30 ni muda mfupi kwa dawa nyingi zinazodhuru polepole. Tatu, na hapa ni maoni yangu, kazi iliyofanyika wodini hufa mlangoni. Denmaki walilijaribu hilo, matokeo yakatoka 2018, wagonjwa 1,467 wenye dawa 5 au zaidi, ingawa hao hawakuwa wazee peke yao. Kupitia dawa wodini peke yake hakukusaidia. Kupitia dawa, kukaa na mgonjwa kumweleza, kisha kumpigia simu yeye na daktari wake baada ya kuruhusiwa, kulipunguza waliorudi hospitalini ndani ya siku 30 kwa zaidi ya theluthi moja. Naomba usiiegemee sana. Uswidi walichapisha 2021 jaribio linalofanana, wagonjwa 2,637, hawakuona faida. Uwanja bado una vumbi. Ila kama mtu angenilazimisha kuweka fedha yangu mahali, ningeiweka kwa yule anayepiga simu nyumbani.

Kwa mama, wewe ndiye mtu huyo. Omba miadi maalumu ya kupitia dawa, useme hivyo hivyo kwa maneno hayo, maana ukienda kwenye miadi ya kawaida mtazungumza presha ya siku hiyo mtoke. Chukua kila kitu kinachomezwa, kupakwa au kudondoshwa, hata kilichoisha, ukiweke mezani. Andika karatasi moja: jina la dawa, ilianza lini, nani aliianza, kwa sababu gani, anaimeza saa ngapi hasa. Nguzo ya sababu ndiyo itakayofanya kazi. Utakapofika kwenye dawa ambayo hakuna mtu chumbani anayejua sababu yake, nyamaza tu, daktari mwenyewe ataiona. Pima presha nyumbani kwa wiki moja kabla, akiwa ameketi, kisha akiwa amesimama dakika moja hadi tatu. Ya kusimama ndiyo itakayoeleza kuyumba. Na omba figo zipimwe pamoja na chumvichumvi za damu. Kama imepita zaidi ya wiki mbili tangu furosemidi ianze bila kipimo, hilo usilisubirishe.

Ningekuwa mimi mezani pale ningeanza na glibenklamidi na amitriptilini, kwa sababu ndizo zenye uwezo wa kumwangusha wiki hii. Tramadoli ya pili: kifua bado kinauma? Kisha amlodipini irudi 5, miguu ipewe wiki mbili hivi, na furosemidi ipunguzwe ikiwa hakuna sababu nyingine ya uvimbe, kwa sharti kwamba moyo umesikilizwa, na si miguu tu iliyobonyezwa. Losartani naiweka mwisho, kwa mwenye kisukari inaweza kuwa na kazi halali kwa figo. Metformini na atorvastatini, ile ya kolesteroli, sina haraka nazo, ikiwa figo zitakubali. Dawa moja moja, au mbili kwa mpigo, tarehe ikiandikwa. Zikiondolewa tano kwa siku moja hutajua ni ipi iliyomrudishia akili, wala ni ipi mliyoikosea.

Ukiacha diklofenaki, usikate mwenyewe. Tramadoli iliyotumika wiki kadhaa hupunguzwa kwa hatua. Na kwa msomaji mwingine ambaye mzazi wake ana orodha tofauti: dawa za kifafa, za Parkinson, steroidi, vidonge vya usingizi vya muda mrefu, na zile za presha zinazopunguza mapigo ya moyo kama atenololi, kuzikata ghafla kunaweza kuwa hatari kuliko kuzimeza.

Kwa usingizi, mwaka 1999 Sharon Inouye na wenzake walijaribu hospitalini utaratibu wa kuwakinga wazee na kuchanganyikiwa kwa ghafla, wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi. Usiku walipewa kinywaji cha moto, walikandwa mgongo, walipigiwa muziki wa taratibu, wodi ilipunguzwa kelele. Mchana walitembezwa, walivalishwa miwani na vifaa vyao vya kusikilizia, walikumbushwa siku na mahali. Waliochanganyikiwa walikuwa asilimia 9.9, dhidi ya 15 ya wengine. Hakuna kidonge kilichoongezwa. Yote hayo unaweza kuyafanya nyumbani kuanzia usiku wa leo, na furosemidi, maadamu bado anaitumia, ihamie asubuhi.

Kuna kitu kimoja ambacho huenda utaambiwa kabla ya yote haya kumalizika: kwamba mama ameanza kupoteza kumbukumbu. Huenda ni kweli, ana miaka 78. Lakini omba kipimo cha kumbukumbu kingoje mpaka amitriptilini na tramadoli ziwe zimetoka mwilini na sukari imetulia kwa wiki kadhaa, kwa sababu ukimpima leo unazipima dawa. Akiandikiwa donepezili kwa ajili ya kumbukumbu sasa hivi, itakuwa dawa ya 12, ikivuta upande mmoja huku amitriptilini ikivuta upande wa pili, na mojawapo ya madhara yake ni kumfanya ashindwe kuuzuia mkojo. Hilo nalo lina dawa yake, na mtu ataiandika.